Nchi Isiyokuwa na Mgao

Ipo nchi ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga. Ni kwamba wakati mambo haya yakitokea jina lake lilikuwa limepelekwa kupakwa rangi upya, na sijasikia kama limerudi. Ni nchi nzuri tu. Ina mito, ina ziwa, na ina Wizara ya Maji na Maelezo Yake. Mito na ziwa vilikuwapo kabla ya wizara, na wazee wa huko husema kwamba zamani hizo walikuwa wakipata maji bila maelezo. Siku hizi wanapata maelezo.

Maji ya bomba yalikuja kwa zamu. Leo mtaa huu, kesho ule, na mtaa wa tatu pale Mungu atakapojalia. Hali hiyo wananchi waliiita mgao. Asubuhi mama anafungua bomba, bomba linakohoa, linatema kutu kidogo, linanyamaza. Mama anarudi ndani na ndoo yake tupu na kumwambia mumewe, "Leo mgao." Basi. Hakuna cha kuongeza. Watu waliochoka hupenda neno fupi.

Matata yalianzia uwanjani, siku ya Sikukuu ya Ukombozi. Rais wa nchi, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa Mlezi wa Taifa, alisimama mbele ya umati, akanyoosha kidole juu, akanguruma: "Nataka niwahakikishie ndugu zangu, na wenye wivu wasikie. Katika nchi hii, hakuna mgao!"

Umati ukapiga makofi. Kisha kule nyuma kabisa, upande wa jua ambako hakuna turubai, Bibi Semeni wa mtaa wa Chemchemi akapaza sauti: "Kweli baba! Sisi hata siku moja hatujaupata!"

Waliokuwa karibu naye wakacheka. Kicheko kikashuka ngazi kwa ngazi mpaka jukwaa kuu, ambako mabalozi wawili wasiojua lugha nao wakacheka kwa heshima. Mlezi akadhani anashangiliwa. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi: "Nasema hakuna mgao!"

"Kweeeli!" uwanja ukaitikia, na watu wakaegemeana kwa kicheko.

Iliundwa tume ya kuchunguza kicheko. Mcheshi mwenyewe haikumpata, kwa sababu ilimtafuta miongoni mwa wasomi. Lakini baada ya vikao vingi na chai nyingi iligundua kwamba neno mgao lina maana mbili, ikaonya kwamba hali hiyo ni ya hatari: mwananchi akiachiwa neno lenye maana mbili, anaweza kuchagua.

*

Bwana Festo Limbumba alikuwa mhariri wa kamusi katika Idara ya Lugha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema. Alikuwa amekaribia kustaafu, na hakuwa na haja kubwa duniani ila kufika huko salama. Alipoitwa na Waziri wa Maji na Maelezo Yake alivaa suti yake ya misiba, kwani ndiyo iliyokuwa safi.

Waziri, Dokta Kilongola, alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Alimkaribisha, akamwekea chupa ya maji baridi mezani, akasema, "Mwalimu, hebu nifundishe. Mgao ni nini?"

Limbumba akakohoa. "Mheshimiwa, neno hili linatokana na kugawa. Ni fungu analopata mtu kitu kinapogawanywa. Mkiwa wanne na mkate mmoja, kile kipande chako ndio mgao wako."

"Kumbe ni kupata!"

"Kwa asili, ndiyo, Mheshimiwa. Ni kupata."

"Sasa mbona bomba likikauka ndipo wanaposema kuna mgao?"

"Ni matumizi, Mheshimiwa. Waliambiwa maji yatagawanywa, kwa hiyo wakawa wanangojea fungu lao. Siku za kungojea zikawa nyingi kuliko siku za kupata. Basi neno likahamia upande wenye siku nyingi."

Waziri aliegemea kiti. Uso wake uliingiwa na huzuni ya kweli, nasema ya kweli kwa kuwa sina ushahidi wa nyingine. "Likahamia," alisema. "Kwa kibali cha nani?"

"Maneno hayaombi kibali, Mheshimiwa."

"Hapo ndipo tulipokosea." Waziri alijifuta paji la uso. "Mwalimu, Mlezi amesema hakuna mgao. Mlezi hawezi kukosea, kwa hiyo mgao haupo. Lakini mabomba nayo ni makavu, na hilo siwezi kukuficha wewe mtu mzima. Nitafutie neno. Neno tulivu, lisilochekesha."

Limbumba alitazama chupa ya maji. Alikuwa na kiu tangu alfajiri, na lifti ilikuwa mbovu. Alifikiria kustaafu kwake. Alifikiria pia kwamba neno ni neno tu, halimpigi mtu.

"Mabomba hufanya kazi usiku na mchana," alisema polepole. "Tunaweza kusema yamepumzika. Pumziko."

"Pumziko," Waziri akarudia, kama mtu anayeonja haluwa. "Pumziko la mabomba. Mwalimu, kunywa maji."

*

Wiki hiyo redio ilitangaza kwamba maneno mgao, mgawo, gawio, kugawa, kugawanya na mgawanyo yameondolewa kwenye matumizi kwa ajili ya matengenezo, na kwamba atakayekutwa akiyatumia, au akitenda yanayosemwa na maneno hayo bila kibali, atachukuliwa hatua. Wiki hiyo hiyo bomba la nyumbani kwa Limbumba likaanza kutoa maji mchana na usiku. Hakuna aliyekuja kusema chochote. Maji yalitoka tu, kwa nguvu, kama yaliyotumwa.

Mkewe, Mkegani, alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaa wao, Chemchemi. Siku ya tatu alimkuta mumewe amekaa uani, anasikiliza pipa likifurika.

"Baba Tindi, hili bomba halijakatika tangu juzi."

"Nimeona."

"Kwa majirani hayatoki."

"Nimeona pia."

"Umefanya nini?"

"Nimetunga neno."

Siku hiyo Mkegani alikuwa amezalisha akina mama wawili kwa maji ya dumu moja, la pili alilitunza kama mtu anavyotunza dawa. "Neno gani hilo la kuleta maji?"

"Pumziko."

"Basi tunga na jingine," alisema, akiingia ndani, "kwa ajili ya zahanati."

Limbumba alidhani ni utani, akatabasamu. Mkegani hakugeuka kuona.

*

Wananchi walitii. Watu wa nchi hiyo hutii upesi, kwani kubisha kunataka nguvu, na nguvu zote zimeishia kubeba ndoo. Shuleni walimu wa hesabu waliacha kufundisha kugawanya. Wakabaki na kujumlisha, kutoa na kuzidisha, na Waziri wa Elimu akatangaza kwa furaha kwamba ufaulu umepanda. Katika harusi moja mshereheshaji alishindwa kutamka kwamba pilau sasa itagawiwa, akasema pilau itapumzika, na wageni wakaenda nyumbani na njaa na zawadi zao. Ndugu watatu walipeleka kwa hakimu shauri la ng'ombe wa urithi. Hakimu alifikiri sana, akaona sheria haimruhusu kumgawa, akamchukua ng'ombe akamtunze yeye.

Lakini neno jipya nalo lilianza kuoza. Katika nchi hiyo, kama kwingine, marehemu husemwa kwamba amepumzika. Basi bomba la mtaa mmoja lilipopumzika, watu wakatandika mikeka kulizunguka, wakafunga turubai, wakaanza kupokea pole. "Poleni jamani. Aliugua?" "Alikohoa tu siku mbili." Mwanamke mmoja aliyepita na basi akiwa hajui habari alishuka, akalia kwa dhati, akatoa na rambirambi.

Waziri alimwita Limbumba tena. Safari hii hakumwekea maji.

"Mwalimu, neno lako lina matanga."

Limbumba akakohoa, akatoa jingine: tafakuri. Bomba halijakauka, linatafakari. Likadumu kwa muda mfupi, mpaka watu walipoanza kubishiana hodi asubuhi wakisema, "Jirani, nina tafakuri ya siku nne, naomba nikaoge kwenu."

Limbumba akaruhusiwa abaki nyumbani atunge la tatu. Aliambiwa maji yake ni kwa matumizi ya familia na ubunifu, yasitoke nje ya geti. Alifunga geti. Mchana kutwa alikaa mbele ya karatasi nyeupe, bomba likimwagika nyuma yake, na majirani wakipita barabarani bila kugeuza shingo.

*

Ilikuwa siku ya namna hiyo, jua limesimama utosini, Havijawa, mkwe wa Bibi Semeni, alipofikishwa zahanati akiwa katika uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alikuwa anatoka damu kuliko kawaida, na Mkegani aliona mara moja kwamba kazi itakuwa kubwa. Dumu la mwisho lilikuwa limebakiza tope. Akapiga simu.

"Shirika la Neema ya Maji, tunakusikiliza kwa furaha," ikajibu sauti ya msichana.

"Dada, napiga kutoka zahanati ya Chemchemi. Nina mzazi hapa, anatoka damu, sina maji hata ya kunawa mikono. Tuleteeni boza, tafadhali."

"Pole sana, dada. Sababu ya kuomba boza?"

"Si nimekwambia? Hatuna maji."

"Hiyo haimo kwenye mfumo, dada. Mmepatwa na pumziko au tafakuri?"

"Yoyote. Andika tafakuri."

"Ngoja nitazame. Chemchemi... Chemchemi... Kwenu haijatangazwa tafakuri, dada. Kwa hiyo maji mnayo."

"Dada yangu, nimesimama mbele ya bomba."

"Sikubishii," ile sauti ikashuka, ikawa ya mtu wa kawaida. "Hata kwangu ndivyo hivyo hivyo. Vumilieni tu, dada, mngoje mgao wenu..." Akashtuka. "Mama yangu, nimesema nini!" Simu ikakatika.

Mkegani alipiga nyumbani.

"Baba Tindi, fungua geti."

"Kuna nini?"

"Fungua geti, wape maji wote wenye ndoo, waambie waniletee huku. Sina muda wa kukueleza."

"Mama Tindi, unajua walivyoniambia kuhusu..."

"Havijawa anakufa," Mkegani alisema, na akaiweka simu chini.

Limbumba alisimama uani. Pipa lilikuwa linafurika, maji yanapita kwenye mfereji, yanakwenda kunywesha majani. Sijui alichofikiria. Mimi ningependa kusema alifikiria haki, lakini aliyemwona anasema alikuwa anatetemeka tu. Kisha alikwenda akafungua geti, akavuka barabara mpaka kwa Bibi Semeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umetukumbuka."

"Mkweo hali yake si nzuri kule zahanati. Wanataka maji. Yapo kwangu."

"Tunajua yapo kwako," Bibi Semeni alisema, akiwa ameshainama kuokota ndoo. "Tunayasikia."

Hakusema zaidi, na Limbumba alitamani angesema. Bibi akapiga yowe moja, na mtaa ukatoka: ndoo, madumu, masufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto. Wakachota, wakashika njia ya zahanati. Limbumba naye alijitwika dumu begani. Maji yalimchuruzika mgongoni, yakalowesha shati, na kikohozi chake kikamshika njiani, lakini hakutua.

Nusu ya njia palikuwa na kituo kidogo cha polisi. Mlangoni alisimama Koplo Lusinde, kijana mwenye baiskeli ya serikali.

"Simameni! Nini hii?"

"Tunapeleka maji zahanati," alijibu Limbumba.

"Maji ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo wewe," Koplo alisema taratibu, maana alimfahamu na hakupenda kumkamata, "unagawa maji. Bila kibali."

Wote walimtazama mtu wa maneno. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema anapumzisha, angeweza kusema anatafakari. Yote alikuwa ameyatunga yeye, na yote yalikuwa halali.

"Sigawi, afande," alisema. "Tunagawana."

Maneno yaliyokatazwa Koplo aliyajua kwa moyo: kugawa, kugawanya, mgao, mgawo, gawio, mgawanyo. Kugawana halikuwamo. Si kwamba wizarani walilisahau. Nadhani hawakuwahi kuwa na sababu ya kulitumia. Akachukua redio yake ya upepo.

"Afande mkuu, kugawana ni kosa?"

Redio ikakoroma. "Nani anamgawia nani?"

"Wote, afande."

"Wote wanamgawia nani?"

"Wote, afande."

Redio ikakoroma tena. "Subiri tuulize."

Kituo kikuu kikauliza wilaya, wilaya ikauliza mkoa, mkoa ukauliza wizara, na wizarani watu walikuwa wamekwenda kunywa chai. Bibi Semeni akamsogelea Koplo, ndoo kichwani, shingo imenyooka.

"Wewe subiri, mwanangu," alimwambia bila ukali. "Hiyo ndiyo kazi yako." Akampita.

Wengine wakafuata. Koplo alibaki na redio yake sikioni, akawatazama wakipita mmoja mmoja. Kisha akasogeza baiskeli pembeni, wapate nafasi.

*

Mkegani alinawa mikono mpaka viwikoni. Alinawa kwa sabuni, akasuuza, akanawa tena. Waliokuwa mlangoni wanasema waliusikia mchirizi wa maji yale kuliko walivyosikia kilio cha mzazi. Ilikuwa kazi ndefu. Jua lilipoanza kuinama mtoto alilia, msichana, na damu ya Havijawa ikakubali kusimama.

Watu waliondoka, wakijipangusa. Limbumba aliingia, akamkuta mkewe amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Wamepona?"

"Wote wawili."

Akaketi karibu naye, na shati lake lililolowa.

"Kulikuwa na mwingine," Mkegani alisema. "Kabla ya huyu. Hakupona. Wala mtoto."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unatunga lile la pili."

Limbumba alikohoa, kama kawaida yake kabla ya kusema.

*

Jibu la wizara lilikuja baada ya chai. Kugawana, walisema, si kosa. Zaidi ya hapo, ni fursa. Haikupita muda Waziri Kilongola akafika Chemchemi na msafara wa magari kuzindua Mwaka wa Kugawana. Alisema serikali imeguswa na moyo wa wananchi. Kwa kuwa sasa imethibitika wananchi wanaweza kupeana maji wenyewe, Shirika la Neema linapunguziwa mzigo huo, lielekeze nguvu zake katika kukusanya ankara. Umati ulipiga makofi ya watu wanaotaka kwenda nyumbani. Bomba la Limbumba lilikuwa limekatwa asubuhi hiyo ili, kama mafundi walivyomweleza, lisivunje usawa.

"Na sasa," Waziri alisema, "namkaribisha mwenye neno hili, Mwalimu wetu, alieleze kwa kifupi."

Limbumba alipanda jukwaani akiwa na suti yake ya misiba. Meza kuu ilikuwa imepambwa maua na chupa za maji baridi. Akashika kipaza sauti.

"Kugawa kunataka mtu mmoja tu, mwenye navyo," alisema. "Akipenda atatoa, asipopenda ataacha. Kugawana kunataka pande mbili. Kila upande ulete ulicho nacho." Akaigeukia meza kuu. "Sisi tumekwisha kuleta. Hatuna kingine. Tunangojea upande wa pili."

Hakuna aliyecheka. Nimeulizia sana jambo hili, kwa kuwa ni nchi inayopenda kucheka, na wote wananiambia hapana, hakuna aliyecheka. Watu waliitazama meza kuu. Waziri alizitazama chupa. Mkono wake ulikwenda kwenye ile iliyokuwa mbele yake, ukaishika, na watu wakadhani labda ataitoa. Akaisogeza karibu naye zaidi.

Mshereheshaji akaita ngoma.

Limbumba alistaafishwa mapema, kwa heshima zote, na kazi ya maneno akapewa mtu mwingine mwenye kiu. Hawakumfunga. Nchi ile haina haraka ya kumfunga mtu aliyechoka, humwacha aendelee.

Siku hizi asubuhi huenda yeye na mkewe kuchota mtoni, na mto uko mbali. Wana pipa dogo lenye vishikio viwili, la zahanati. Kuna mlima kabla ya kufika kwao, na chini ya mlima huo huwa wanalitua wapumue.

"Umechoka, Baba Tindi?" Mkegani humwuliza.

"Nimechoka."

"Hata mimi," yeye husema. "Haya, shika upande wako."